Mtetea Anapowika: Sylvia Tamale na Zogo la Ufeministi Kampala

Kuku jike akitoka kutaga hutetea. Mtu anayemsemea aliyeonewa naye hutetea. Kwa Kiswahili kitenzi ni hicho hicho, na kuku jike ambaye hajawa tembe huitwa mtetea. Kuwika ni kazi ya jogoo. Jike akiwika, katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki husemwa kaleta kisirani, na jioni huwa keshaingia chunguni.

Mwaka 1999 mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Makerere, Sylvia Tamale, alimchukua kuku huyo akamweka kwenye jalada la kitabu. Alikiita When Hens Begin to Crow, yaani kuku majike wanapoanza kuwika, na kuku wake ni wanawake walioingia Bunge la Uganda kwa viti vilivyotengwa kwa ajili yao. Robo karne baadaye, swali alilolifungua bado linazusha zogo Kampala, na zogo lenyewe limevurugika kiasi kwamba wanaobishana mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

Vurugu hiyo ina sura. Neno ufeministi likitajwa, wasikilizaji huona wanawake watatu kana kwamba ni mmoja: profesa mwenye joho la Makerere, Dakta Stella Nyanzi aliyevua nguo mbele ya kamera, na mbunge mwenye gomesi anayeapa kulinda mila. Mmoja akiteleza, wote hulaumiwa. Mmoja akisema, huulizwa mbona mwenzake kasema kinyume. Njia nyepesi ya kuwatenganisha ni kuyafuata maisha ya Tamale, kwa sababu mabishano yote haya, kwa namna moja au nyingine, yamepita mlangoni pake.

MLIMA ULIOANZA NA WANAUME

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa chuo cha ufundi, na kaulimbiu yake ya awali ilikuwa ya Kiingereza, yenye maana ya "na tuwe wanaume". Wanawake wa kwanza walipopokelewa mwaka 1945, maneno hayo yakawa hayakaliki tena, ikaja kaulimbiu ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha nyumba ilijengwa kwa kipimo cha nani.

Tamale alisoma shahada ya sheria kwenye mlima huo wa Makerere, akaenda Harvard kwa shahada ya uzamili, kisha Chuo Kikuu cha Minnesota, alikopata uzamivu mwaka 1997 katika sosholojia na masomo ya ufeministi. Mchanganyiko huo si wa kawaida kwa mwanasheria. Mwanasheria wa mazoea huuliza sheria inasema nini. Mwanasosholojia huuliza ni nani aliyeiandika, na nani anaumia ikitekelezwa. Maandishi yake karibu yote yamekaa kati ya maswali hayo mawili.

Wakati wake nao ulikuwa na bahati yake. Serikali ya NRM ya Yoweri Museveni iliyoingia madarakani Januari 1986 iliwahitaji wanawake na ikawafungulia milango. Mwaka 1989 kila wilaya ilipewa kiti cha mwakilishi mwanamke. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika hesabu ya kuingia chuoni. Mwaka 1991 ikazaliwa Idara ya Masomo ya Wanawake. Katiba ya 1995, katika ibara ya 33, ikapiga marufuku hata mila zinazodhalilisha utu wa mwanamke. Kwa hiyo kizazi cha Tamale kililelewa na dola ile ile ambayo baadaye kingekuja kuburuzana nayo mahakamani. Asiyelikumbuka hilo hataelewa kwa nini ugomvi huu una uchungu wa kifamilia.

Mwaka 2003 ulipozungumzwa mpango wa tume ya fursa sawa, Tamale alitaka ulinzi wake uwafikie pia wapenzi wa jinsia moja. Kundi la wahafidhina jijini Kampala likamtangaza kuwa mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka ule. Mwaka uliofuata, 2004, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Kitivo cha Sheria cha Makerere, cheo alichokishika hadi 2008. Mji ni ule ule, mtu ni yule yule, na kati ya hukumu hizo mbili hazikupita hata miezi 24.

HOJA YA KWANZA: "HAYA NI YA WAZUNGU"

Shutuma kongwe kuliko zote ni kwamba ufeministi umeletwa kwa ndege. Si shutuma ya kipuuzi, na wanaoitupilia mbali kwa kejeli wanakosea. Tamale amesomea Marekani mara mbili. Vitabu vyake vikuu vimeandikwa kwa Kiingereza. Mashirika mengi ya haki za wanawake mjini Kampala hulipiwa pango na mishahara na wafadhili wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na anayelipa mpiga zumari huchagua wimbo. Mkulima wa Luweero akisikia semina ya jinsia inafanyika kwenye hoteli ya mjini, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeiagiza.

Udhaifu wa hoja hii huonekana pale inapotakiwa kutaja kilicho cha kwetu.

Litazame gomesi, vazi analolivaa mbunge anapotaka kuonekana mwanamke wa heshima: mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana uliofungwa chini ya kiuno na ncha zake kuning'inia mbele. Jina lake limetokana na Gomes, fundi cherehani wa Kigoa aliyekuwa akishona Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Leo hakuna harusi ya Kiganda bila vazi hilo, wala hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Kitu kigeni kilichovaliwa vizuri huwa cha nyumbani.

Sheria nazo zina historia ya namna hiyo, ila walioziandika hawakuwa mafundi cherehani. Kifungu cha kanuni ya adhabu kinachozungumzia kujamiiana "kinyume na maumbile" kiliandikwa na Waingereza, kwa lugha ya Malkia Victoria, kikaenezwa katika makoloni. Tamale amelisema hili kwa miaka mingi: kinachotetewa leo kwa jina la mila ya Kiafrika mara nyingi ni adabu ya Kanisa la Kiingereza ya karne ya 19 iliyobadilishwa jina.

Jibu lake lenye nguvu zaidi, hata hivyo, hakulitoa kwenye sheria. Alilitoa unyagoni. Mwaka 2005 jarida la Feminist Africa lilichapisha utafiti wake kuhusu ssenga, shangazi wa Kiganda, dada wa baba, ambaye kwa desturi humfunda binti kuanzia anapokaribia kupevuka mpaka anapoolewa. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo. Ssenga ni jamaa ya kungwi na somo, na anayoyafundisha hayako mbali na yale ya unyago: usafi, mapishi, namna ya kuzungumza na mume, na namna ya kulala naye.

Tamale alimkuta ssenga akiwa amehamia mjini. Koo zimetawanyika, shangazi yuko mbali, kwa hiyo Kampala ikazaa ssenga wa kulipwa. Yuko redioni usiku akijibu simu za wasikilizaji, yuko kwenye kurasa za gazeti la Kiluganda la Bukedde, na yuko kwenye shughuli ya kumuaga bibi harusi, katikati ya wanawake waliokaa mkekani, akifunda kwa mafumbo ambayo mtoto mdogo hapaswi kuyaelewa. Mwanamke anayepiga magoti kumsalimu mume wake asubuhi ni yule yule aliyefundwa na ssenga kwamba na yeye ana haki ya kufurahi kitandani na kumwambia mume hivyo. Hayo mawili yanakaa katika funzo moja.

Hapo ndipo Tamale alipowaudhi watu wa pande zote. Waganda wa kanisani hawakupenda mambo ya chumbani yaandikwe na profesa. Nje ya nchi, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiorodhesha desturi ya kurefusha mashavu ya uke, ambayo Waganda huitaja kwa fumbo la kwenda porini, pamoja na ukeketaji. Tamale akapinga kuvichanganya viwili hivyo, kwa kuwa wanawake aliowahoji waliihusisha desturi hiyo na raha yao wenyewe, ilhali ukeketaji hukata na kuondoa. Mtu anayedaiwa kutumwa na Wazungu alikuwa anaukatalia mpangilio wa Wazungu kwa ushahidi wa mashangazi.

Kuna swali ambalo makala ile haikulimaliza. Shule inayofundisha magoti haiwi shule ya ukombozi kwa sababu tu imefundisha na mengine. Mtetezi wa ssenga anatembea kwenye ukuta mwembamba, na akiteleza kidogo tu anajikuta anamsifu mlinzi wa mfumo ule ule anaoulaumu. Tamale mwenyewe aliuona ukuta huo na akaandika kwamba funzo la ssenga lina sura mbili, ya kumtiisha mwanamke na ya kumpa uwezo. Ila kuona si sawa na kuvuka.

HOJA YA PILI: VITI VINATOSHA

Upande wa serikali haubishi kwamba mwanamke alionewa. Unasema tu kwamba deni limelipwa. Ushahidi wake unaonekana kwa macho: Specioza Wandira Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1994 hadi 2003, Rebecca Kadaga alikalia kiti cha Spika kuanzia 2011 hadi 2021, Anita Among akakipokea mwaka 2022, Robinah Nabbanja akawa Waziri Mkuu mwaka 2021. Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilikuwa na viti 146 vya wawakilishi wanawake wa wilaya, mbali na wanawake walioshinda majimbo ya kawaida. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo.

Kitabu cha 1999 hakikuvikejeli viti hivyo. Kiliandika vilichowapa wanawake: jukwaa, mshahara, mazoea ya kuona gauni kwenye ukumbi wa Bunge, na wasichana wa vijijini waliopata wa kumwiga. Kisha kikauliza bei yake. Kiti kilichotolewa kama zawadi humfanya anayekikalia amtazame aliyempa kabla ya kufungua kinywa. Mwakilishi wa wilaya katika miaka ile alichaguliwa na jopo la viongozi wa mabaraza ya mitaa, wengi wao wanaume, na si na wanawake wote aliodaiwa kuwasemea. Kura ya wote kwa kiti hicho ilikuja mwaka 2006.

Mfano unaoumiza ulitokea mwaka 1998. Katika mjadala wa Sheria ya Ardhi, mbunge Miria Matembe na wenzake walipigania kipengele cha mume na mke kumiliki kwa pamoja ardhi wanayoishi. Walitoka ukumbini wakiamini kimepita. Sheria ilipochapishwa, hakikuwamo. Wanawake wa Uganda wanakiita mpaka leo kifungu kilichopotea. Muswada wa ndoa na talaka nao umezunguka tangu tume ya Kalema ya 1965 kwa majina tofauti. Mwaka 2005 Waislamu waliandamana Kampala kuupinga, mwaka 2013 ukawekwa kando tena. Sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipatikana mwaka 2010, jambo kubwa, lakini pale mali inapoguswa viti huwa kimya.

Mtihani mkubwa zaidi wa hoja hii ulikuja na sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Ya kwanza ilipita Desemba 2013, Kadaga akiwa Spika na akiwa ameiahidi kama zawadi ya Krismasi mwaka mmoja kabla. Ya pili ilipita Machi 2023, Among akiongoza kikao. Kuku majike waliwika kweli, tena kwa sauti kubwa, na Tamale alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuipinga ile ya 2023. Wanaosema mwanamke akipata kiti atawasemea wote walionyimwa sauti wanapaswa kuzitazama tarehe hizo mbili kwa makini. Kwa upande mwingine, wanaomlaumu Kadaga na Among kwa kuwasaliti wanawake wanasahau kwamba kwa wapigakura wengi wa kike wa Uganda, msimamo wa maspika hao ndio ulikuwa sauti yao. Uwakilishi ulifanya kazi yake. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya haki.

HOJA YA TATU: TWENDE MAHAKAMANI

Njia ya tatu ni ya mawakili, na ndiyo yenye risiti nyingi zaidi. Mwaka 2004, katika kesi ya chama cha wanasheria wanawake, Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya talaka vilivyomruhusu mume kuachana na mke kwa uzinzi tu, wakati mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na kosa jingine juu yake. Mwaka 2007 ikafuta kosa la jinai la uzinzi, ambalo lilimfunga mke wa mtu na kumwacha mume wa mtu aende zake iwapo mwenzake hakuwa ameolewa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya shirika la Mifumi, ilisema mahari ni halali lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kwa mwanamke wa Tororo aliyekuwa amenaswa kwenye ndoa ya kipigo kwa sababu kaka zake walishakula ng'ombe, hukumu hiyo haikuwa nadharia.

Lakini mahakama hujibu inachotaka. Agosti 2014 sheria ya kwanza dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilibatilishwa katika kesi ambayo mlalamikaji wake wa kwanza alikuwa Profesa Joe Oloka-Onyango, mwanasheria wa Makerere na mume wa Tamale. Majaji hawakugusa hoja ya haki hata kidogo. Walisema wabunge hawakutimia idadi siku ya kupiga kura, basi. Ushindi wa namna hiyo ni kama kumshinda mpinzani kwa sababu kachelewa uwanjani. Akija mapema siku nyingine, mechi inaanza upya. Alikuja mapema mwaka 2023, na Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ikaiacha sehemu kubwa ya sheria mpya isimame, ikifuta vifungu vichache tu.

Kuna mgongano hapa ambao msomaji makini wa Tamale hawezi kuukwepa. Katika kitabu chake cha 2020, Decolonization and Afro-Feminism, anajenga hoja kwamba sheria za Kiafrika zimebeba mfupa wa ukoloni, kwamba hata lugha ya haki za binadamu humtazama mtu kama kisiwa, na kwamba utu, ule ambao Wazulu huuita ubuntu, ungekuwa msingi bora. Kisha anapeleka lalamiko mbele ya majaji wenye majoho ya Kiingereza akitumia ibara za katiba ile ile. Wapinzani wake huuita unafiki. Jina hilo ni kali mno: nyumba inapoungua hakuna anayeuliza ndoo ilitengenezwa wapi. Ila bei yake ipo. Kila kesi inayoshinda kwa lugha ya mkoloni huizidishia lugha hiyo heshima, na baraza la ukoo ambako wanawake wengi hupeleka migogoro yao ya ardhi hubaki lilivyo.

HOJA YA NNE: KUTETA BADALA YA KUTETEA

Kitenzi kilekile cha kuku kina ndugu yake. Kuteta ni kugombana, kusema kwa ukali. Stella Nyanzi alichagua kuteta.

Hakuwa mtu wa mitaani aliyevamia chuo. Ni mwanaanthropolojia mwenye uzamivu wa London, na kati ya kazi zake za awali Makerere alikuwa kwenye mradi wa sheria, jinsia na ujinsia katika kitivo cha Tamale. Aprili 18, 2016, akiwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, mgogoro kuhusu ofisi yake na wajibu wa kufundisha ulimfikisha mahali pa kuvua nguo hadharani na kurekodiwa. Mwaka uliofuata aligeukia suala la taulo za hedhi. Rais Museveni alikuwa ameahidi kwenye kampeni kwamba wasichana wa shule watazipata bure. Februari 2017 Waziri wa Elimu, Janet Museveni, akasema fedha hazipo. Nyanzi akaanza kuchangisha taulo hizo na kuzigawa shuleni. Kwenye Facebook alikuwa ameshamfananisha Rais na matako mawili. Neno hilo halihitaji mkalimani kati ya Mombasa na Masaka: Kiluganda nacho husema matako.

Alikamatwa Aprili 7, 2017, akakaa gereza la Luzira siku 33. Mwaka 2018 akaandika shairi la siku ya kuzaliwa ya Rais lililomtaja marehemu mama yake kwa maneno ambayo gazeti la heshima halichapi. Agosti 2, 2019, Mahakama ya Buganda Road ilimhukumu miezi 18 kwa unyanyasaji wa mtandaoni. Alikuwa akionekana kwa video kutoka gerezani. Hukumu iliposomwa alifunua matiti mbele ya kamera. Februari 20, 2020, Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo.

Wengi walidhani matusi yake ni ya intaneti. Kumbe Buganda ina historia yake. Mwaka 1948 Semakula Mulumba, aliyekuwa London kwa niaba ya harakati za Bataka za kupinga ukoloni, alimwandikia askofu wa Kianglikana wa Uganda barua ndefu ya kumkatalia mwaliko wa chakula cha jioni, yenye ufidhuli uliokusudiwa, kwa sababu aliona adabu za mezani ndizo kamba ya kumfungia mtawaliwa. Mwanahistoria Carol Summers aliuchambua ufidhuli huo mwaka 2006, na Nyanzi ameutaja mara nyingi kama urithi wake.

Uchi pia una nasaba. Nairobi mwaka 1922, Mary Muthoni Nyanjiru alilipandisha gauni lake mbele ya wanaume waliosita kudai kuachiwa kwa mwanaharakati Harry Thuku. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, waliwavulia nguo polisi katika bustani ya Uhuru. Aprili 2015, wanawake wa Apaa, kaskazini mwa Uganda, walivua mbele ya mawaziri waliofika kuweka mipaka ya ardhi. Anayejua uzito wa mama kumvulia mwanawe nguo, laana yake na radhi inayopotea hapo, anajua kwamba hilo halikuwa wazimu. Oktoba 28, 2016, Tamale alipotoa mhadhara wake wa uprofesa Makerere, mada aliyoichagua ilikuwa uchi, maandamano na sheria nchini Uganda. Alisimama na joho lake akaeleza kwa vifungu kile ambacho mwenzake alikuwa amekifanya bila nguo miezi sita kabla.

Njia hii ina faida ambayo vitabu havina: ilifika sokoni. Mchuuzi wa Owino ambaye hatasoma kamwe jarida la chuo alijua taulo ziliahidiwa na hazikuja. Gharama yake nayo iko wazi. Nyanzi alipoteza ajira, akafungwa mara mbili, akagombea mwaka 2021 kiti cha mwakilishi mwanamke wa Kampala kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC akashindwa, akakimbilia Kenya na kisha, mwaka 2022, Ujerumani. Taulo za serikali zilisahauliwa. Mabishano yakahamia kwenye mdomo wake. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kimojawapo cha vifungu alivyoshtakiwa navyo, lakini kwa kesi ya watu wengine, na baada ya Bunge kuwa limeshaongeza makosa mapya mwaka 2022.

MIZANI

Hoja ya ugeni, kama ilivyozoeleka kusemwa, haisimami. Utafiti wa ssenga peke yake unaibomoa, na vifungu vya kanuni ya adhabu vinaimalizia. Hoja ya viti ina nusu ya ukweli: idadi ilibadilisha sura ya Bunge bila kubadilisha mgawanyo wa mali. Mahakama imetoa mafanikio yanayoshikika kuliko njia nyingine yoyote, hasa kwa wanawake walioolewa, na imekuwa bahili kwa wale ambao jamii haiwataki. Matusi ya Nyanzi yalifungua masikio ambayo hoja za Tamale hazikuyafikia, kisha yakayachosha.

Wengine huwapanga wawili hawa kama mwerevu na mpumbavu, au kama mwoga na shujaa. Mipangilio yote miwili ni mibovu. Aliyeteta alihitaji mtu wa kueleza sheria ya uchi kwenye ukumbi wa chuo, na aliyetetea alihitaji mtu wa kuufanya ukumbi ujae. Tofauti ni kwamba mmoja bado yuko nyumbani na mwingine yuko uhamishoni, na hilo linasema zaidi kuhusu dola kuliko kuhusu mbinu.

Lakini Tamale ana deni moja, nalo si lile analodaiwa na wahafidhina. Wanawake aliowaandikia, mabinti waliokaa mkekani mbele ya ssenga, hawamsomi. Nadharia yake kuhusu shangazi wa Kiganda iko kwa Kiingereza cha kitaaluma. Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, ingawa Kampala wengi bado wanakihesabu kuwa lugha ya askari na kizuizi cha barabarani. Kiluganda, nacho, kina gazeti, redio na ukurasa wa ssenga wenye wasomaji tayari. Mwanazuoni anayedai kuukomboa ujuzi kutoka kwa mkoloni na kuuacha kwenye lugha yake amefika nusu ya njia. Lawama hiyo ni ya chuo kizima, si yake peke yake, maana Makerere humpandisha cheo anayechapisha nje kwa Kiingereza na si anayeandikia Bukedde.

Makala ile ya ssenga ya 2005 ilitoka kwenye jarida linalosomwa bure mtandaoni. Wahariri wa Kampala wenye kurasa za Kiluganda, na wale wa Dar es Salaam na Mombasa wenye kurasa za Kiswahili, wamwombe mwandishi ruhusa, waitafsiri, waichapishe kwa mfululizo, kisha wawaachie mashangazi wenyewe waijibu.